Mafuta ya nazi kwa nywele kavu na nyembamba: mazuri, ila kabla ya kuosha

Kwa nywele za aina hii, mafuta halisi ya nazi yanaishinda siagi ya shea kwa mbali. Asidi ya lauriki iliyomo hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Shea hubaki juu, nywele zikalemewa na kulala.

Paka kijiko kimoja cha chai kuanzia katikati hadi ncha, nusu saa kabla ya shampuu. Ngozi ya kichwa iache. Zikikakamaa, punguza hadi nusu kijiko. Kondishena ipake kwenye ncha tu.

Kasoro yake: hayaongezi maji. Ukiyapaka juu ya nywele kavu, zitang'aa tu na ukavu utabaki palepale.