Kabla ya kulaumu kegi, pima paipu

Wanaopika bia nyumbani hapa Kampala wananiletea lalamiko lile lile kila siku: glasi imejaa povu, bia yenyewe vidole viwili chini. Papo hapo mtu anataka kununua regulata mpya, kile kifaa kinachodhibiti msukumo wa gesi. Ngoja kwanza. Paipu inayotoka kwenye kegi, lile pipa la chuma la bia, hadi bombani ina upana gani ndani?

Kuhusu kegi sina ubishi: chukua Cornelius ya lita 19, hata iliyotumika, mradi raba zake ni mpya. Regulata nenda nayo kwa muuza gesi ya bia (kaboni dioksidi) kabla hujalipa, maana nati ya Marekani, CGA-320, haifungi kwenye mtungi wenye vavu ya Kiingereza. Basi.

Turudi kwenye paipu. Bia ya nyuzi 4 za Selsiasi hutaka kama psi 12 (psi ni kipimo cha msukumo) ili ishike gesi vizuri, na wembamba wa paipu ndio unaoimaliza nguvu hiyo njiani. Ikiwa pana, bia inafika bombani kwa kishindo na gesi inatoka yote kwa mkupuo. Sasa, vipimo vingi unavyovisoma ni vya usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200 juu, na geji ya regulata hupima tofauti kati ya kegi na hewa ya nje. Hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo ongeza psi 2. Kabale, mji ulio juu zaidi, ongeza karibu 3. Ukishaongeza msukumo, paipu nayo uirefushe. Hilo muuzaji hakwambii ng'o.

Kati ya paipu, chaguo langu namba moja ni EVABarrier ya kampuni ya KegLand, mm 4 kwa ndani. Ndiyo, nawapendelea hawa Waaustralia na sioni haya. Inazuia oksijeni, haitii bia harufu ya plastiki, na kwenye viungo vya Duotight unaisukuma tu ikashika, hakuna klipu. Anza na mita mbili na nusu. Kupunguza ni rahisi. Povu likiendelea hata hapo, angalia friji: umeme ukikatika mchana kutwa, usimimine hadi kegi ipoe tena.

Namba mbili, vinili nene ya mm 5, mita tatu na nusu hadi nne. Inafaa, ila inashika harufu. Pitisha kinywaji cha tangawizi humo mara moja, na bia zitakazofuata zote zitanukia tangawizi.

Namba tatu si paipu: ni bomba lenye kidhibiti mwendo, kinachopunguza kasi ya bia, kwa mwenye friji isiyo na nafasi.

Paipu ya hadiwea ni ya maji. Bei yake nafuu, sawa, ila si ya bia.

Na hawa wauzaji! "Bei njoo inbox," ukienda unatajiwa dola. Halafu wanaandika "mm 8" tu, ambao ni upana wa nje. EVABarrier ya mm 4 na ya mm 5 zote zina mm 8 nje, kwa macho huwezi kuzitofautisha. Nenda na biti ya drili ya mm 4: ikiingia kwa kubana, lipa, ikicheza, hiyo ni ya 5. Wa juzi nilimuuliza upana wa ndani akanijibu, "Saizi ya kawaida, nyabo" (yaani mama, kwa Kiganda), kisha akataka nusu ya hela kwa mobile money kabla sijaiona.