Darasa la kufuma Shangani, Mtwara: kama unaanza sifuri nenda kwa huyu mama

Jamani kama uko Mtwara mjini na hujawahi kushika sindano ya kroshia ila unatamani kujua kufuma, nenda Shangani kwa yule mama anayefundishia barazani kwake. Jina lake siweki maana sijamuomba ruhusa, ila ukifika Shangani ukaulizia mama wa kufuma, bodaboda wanakufikisha. Nampa nyota nne kwa tano, na hiyo moja nitasema imeenda wapi.

Wengi tunaanzia YouTube na sio vibaya, lakini YouTube haioni mkono wako. Shida ya anayeanza karibu yote iko kwenye mkono wa kushoto, ule unaoshika uzi, na hapo ndo huyu mama anakaa na wewe kuliko kitu kingine chochote. Anakuzungushia uzi kwenye kidole cha mwisho, anaupitisha chini ya cha pete na cha kati, unatokea juu ya kidole cha shahada, afu anauvuta taratibu kutoka upande wa bonge la uzi ili uusikie unavyopita. "Usiubane mwanangu, usiuachie, uache utembee." Na hakuruhusu uende mbele mpaka cheni zako, yaani vile vitanzi vya mwanzo vinavyofuatana, ziwe na saizi moja, yaani mnafuma cheni, anazifumua, mnaanza tena, kuna waliochoka wakaacha kuja lakini mimi naona yuko sahihi kabisa kwa sababu cheni zikikaza mstari wa pili sindano haipiti, na hapo ndo mtu anasusa anasema kufuma kugumu.

Kitu kingine ambacho sijakuta mtu anaelezea vizuri kama yeye ni kuhesabu. Kitambaa cha anayeanza kinaanza kipana kinaishia chembamba, na wengi wanadhani ni mkono mbaya, kumbe ni hesabu tu za pembeni. Ukitaka singo 20 (yale mafundo mafupi) unafuma cheni 21 unaingiza sindano kwenye cheni ya pili kutoka kwenye sindano. Ukitaka dabo 20 (mafundo marefu, unazungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuingiza) unafuma cheni 22 unaingia ya nne, maana zile tatu ulizoruka zinasimama kama dabo moja. Kitanzi kilichoko kwenye sindano hakihesabiwi. Sasa kwenye dabo, ukigeuza kitambaa ukapanda cheni tatu tayari hiyo ni dabo ya kwanza, na mwisho wa mstari lazima ufume juu ya zile cheni tatu za mstari wa chini, ukiziruka umepoteza moja na mstari unaofuata nyingine. Anachofanya yeye anakuchomekea pini fundo la kwanza na la mwisho kila mstari, unaingia pale pale penye pini hata kama huelewi kwa nini. Baadae unaanza kuona mwenyewe zile V ndogo juu ya mstari na pini huzihitaji tena. Hii peke yake inalipa ada yote.

Ada ni elfu tano kipindi kimoja na vifaa anavyo, huhitaji kuhangaika. Anayeanza anampa sindano ya milimita 5 na uzi mnene wa akriliki wenye rangi iliyopoa, maziwa au njano au pinki. Ukimwambia unataka nyeusi anakukatalia kwa upole kwa sababu kwenye uzi mweusi matundu hayaonekani, hasa jioni. Anakukatalia pia kuanza na vitambaa vya makochi vya uzi ule mwembamba mweupe, najua wengi ndo wanavitaka maana tumevikuta nyumbani kwa mama zetu, lakini ule uzi una sindano zake ndogo za chuma na macho lazima yameshazoea. Kwenye nyuzi hizo namba inapopanda uzi unapungua unene, 20 ni mwembamba kuliko 10, kwahiyo usidanganyike dukani ukadhani namba kubwa ndo nene.

Halafu ni mkweli kuhusu uzi na hali ya hewa yetu. Akriliki ni rahisi kujifunzia na inafaa mikoba, vikapu, mapambo, ila blauzi ya akriliki kwa joto la Mtwara utaivua njiani, ya kuvaa mwilini tafuta pamba. Na akriliki usiipigie pasi ya moto, inalainika inalala kabisa na hairudi tena.

Sasa ile nyota. Kwanza hafundishi kusoma michoro wala patani (maelekezo) za kuandikwa, kila kitu ni tazama fanya, kwa anayeanza ni sawa ila ukishaiva kidogo utataka zaidi. Pili Jumamosi panajaa sana, nenda katikati ya wiki. Tatu uzi wake ukiisha unatumwa mjini ujitafutie, na hapo kuwa makini, kuna duka walinipa mabonge mawili wakaniapia ni rangi moja, yote hayana karatasi, nimefika nje juani moja maziwa moja linaelekea krimu. Muuzaji hakutaka kubadilisha. Nunua mabonge yote ya kazi moja kwa pamoja, angalia kwenye karatasi namba ya loti, yaani ya nyuzi zilizotiwa rangi pamoja, ifanane, kama hakuna karatasi toka nayo nje uyaangalie kwenye jua kabla hujalipa.

Kingine nilichokipenda anafundisha kupanga bei. Anasisitiza kwamba kroshia ya kweli mpaka leo haina mashine ya kuifuma viwandani, inayouzwa imefumwa kwa mkono, kwahiyo mtu akija na bei ya mtumba usitetereke, hesabu uzi, hesabu masaa yako, ndo utaje bei. Wadada wengi pale wanafuma vikofia vya watoto na mikoba wanauza na nimefurahi kuona hawaombi radhi kwa bei zao.

Kuanzia mwezi wa kumi msimu wa korosho ukianza, ratiba yake inabadilika maana naye ana shamba, kwahiyo mpitie kwanza umuulize siku kabla hujapanga safari, hasa mnaotoka Mikindani. Beba mkasi wako mdogo, mmoja uliopo unagombaniwa.