Krosova tamu, kitufe cha laana

Tumeitumia krosova, chombo kinachogawa sauti kati ya sabufa na spika za juu, na naanza na kitufe. Uzito, urefu na mengine ya hivyo utayasoma kwenye karatasi yake. Nyuma ya krosova hii, katikati ya matundu ya kuchomekea waya, kuna kitufe kidogo kimeandikwa x10. Kikibonyezwa, namba uliyotega mbele inazidishwa mara kumi. Umeweka mpaka kwenye 100 Hz, sabufa zibebe besi na ngoma ya mguu, spika za juu zibebe yaliyobaki. Mtu anachomeka waya gizani, kidole kinapita pale, 100 inakuwa 1,000. Mshale wa mbele bado uko kwenye 100, umetulia tu. Taa hakuna.

Sisi ilitukuta watu wameshakaa. Mwimbaji akafungua mdomo, sauti ikatoka sakafuni. Nasema kweli. Kwenye spika za juu yalibaki maneno makavu, herufi s na t zinachoma masikio, na kifua chote cha sauti kimehamia kwenye sabufa chini ya jukwaa, kama mtu anaimba ndani ya pipa. Mpiga solo akageuka kunitazama mimi. Kwa nini mimi, sijui.

Tukaanza kukagua. Waya za spika kwanza, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, maana zikigeuzwa upande mmoja, sabufa inasukuma hewa huku spika ya juu inaivuta, na pale wanapopakana sauti inamezwa. Haikuwa hiyo. Plagi za spikoni je? Zile za pini nne zina jozi mbili, na kuna sabufa zinazosukwa kwenye jozi ya pili, ukizipelekea waya wa jozi ya kwanza zinanyamaza. Lakini zetu zilikuwa zinanguruma, tena kupita kiasi. Amplifaya? Kila upande una spika mbili za omu 8 kwa sambamba, yaani omu 4, mzigo anaouweza. Nusu ya shughuli ilikuwa imeshaharibika ndipo mpiga kinanda, ambaye wala si kazi yake, akamulika nyuma ya raki kwa tochi ya simu.

Na tulikuwa na bahati. Ukiigawa sauti kwa njia tatu, twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, unaitegea mpaka wa 2,000 Hz kwa kutumia kitufe hichohicho kikiwa kimebonyezwa. Kikifyatuka, twita inaanza kupokea kuanzia 200 Hz. Hiyo utaizika siku hiyohiyo.

Siku chache baadaye nikampigia aliyetuuzia. Bila ugomvi kabisa. Nikamwuliza, "Kaka, hakuna kifuniko cha kile kitufe cha nyuma?" Akacheka. "Mzee, hiyo siyo redio ya sebuleni. Ni chombo cha mafundi. Kama hamna fundi, tafuteni fundi." Simu nilikuwa nimeiweka sauti ya nje, na fundi mitambo wetu amekaa pembeni yangu, mtu anayesuka waya zake mwenyewe na kuzipima moja moja kabla hazijapanda gari. Hakujibu kitu. Alinyanyuka akatoka. Nikamwambia yule kijana maneno ambayo hapa siyaandiki.

Haki ya chombo nitoe, lakini. Kitufe kikiwa mahali pake, hii krosova ni tamu kuliko nilivyotarajia. Inakata kwa ukali, desibeli 24 kila oktava (kila masafa yanapoongezeka au kupungua mara mbili), kwa mtindo wa kuchuja sauti uitwao Linkwitz-Riley, kwa hiyo sabufa na spika za juu zinakutana mpakani zikienda pamoja, hakuna shimo. Uzi mnene wa gitaa la besi, ile E ya 41 Hz, unakugonga tumboni na bado unasikia kila neno la mwimbaji. Spika za juu zimepumzishwa na besi, unazipandisha na hazikwaruzi. Nilishaandika nyota nne, nimeshaanza kutafuta maneno ya kusifia.

Halafu nikaufungua tena ujumbe alioutuma muuzaji baadaye. "Bandikeni selotepu." Basi. Hakuna samahani, hakuna pole, hakuna "nitawaambia kiwandani". Krosova nyingine za aina hii zina taa mbele inayowaka x10 ikibonyezwa. Taa moja ndogo! Na wenye prosesa za dijitali wanaisoma namba yenyewe kwenye kioo. Sisi tubandike selotepu.

Tumebandika. Inafanya kazi, na hilo ndilo linalonichefua zaidi.

Nyota mbili. Moja ni ya Linkwitz-Riley, nyingine ya selotepu, na selotepu tulinunua wenyewe.