Nimepanga upya kitabu cha sheria cha gemu yetu kwa Scribus, huu ndo uzoefu wangu

Wale mnaocheza gemu za kuigiza mezani, zile za dadu na karatasi ya mhusika, kama mna gemu yenu mmeitunga na kitabu chake kinawasumbua basi Scribus, programu ya kupanga kurasa za vitabu, inatosha kabisa, ni ya bure, inaingia Linux, Windows na Mac, na hamna kitu cha kulipia kila mwezi.

Gemu yetu ni ya majahazi na biashara ya pwani enzi za Kilwa. Toleo la kwanza lilikuwa faili la Word la A4, sheria zote zimo na zimeandikwa vizuri tu, ila mezani ikawa shida, yaani mtu anataka kujua akianguka baharini anapoteza nini, anafungua sura ya safari, inamrudisha sura ya majeraha, halafu jedwali lenyewe liko nyuma kabisa, huku wenzake wameshatoa simu. Sheria zenyewe hazina tatizo, tatizo ni zilivyokaa kwenye karatasi. Na kitabu cha gemu hakisomwi kama hadithi bwana, kinafunguliwa katikati ya mapigano na mtu mwenye haraka.

Kilichonifungua macho ni kitabu cha gemu kinaitwa Old-School Essentials, cha Gavin Norman, cha 2019. Pale jamaa kachukua sheria za ile gemu maarufu ya Dungeons & Dragons, matoleo ya Basic na Expert ya 1981, sheria zenyewe kaziacha karibu zilivyo, akazipanga upya tu. Mambo ya aina moja ya mhusika yanakaa kwenye kurasa mbili zinazotazamana, sentensi fupi fupi, maneno ya muhimu yamekolezwa. Unafungua mara moja unaona kila kitu. Nikasema na sisi tufanye hivyo, kuanguka baharini, kuzama, na jedwali lake vyote vikae pamoja hata kama itabidi sheria moja irudiwe sehemu mbili. Kurudia mimi sioni dhambi, bora mstari ujirudie kuliko kumzungusha mtu kurasa.

Sasa Scribus yenyewe. Sio sehemu ya kuandikia, maandishi andika kwanza LibreOffice, hifadhi ODT, halafu unayavuta ndani ya fremu. Kila kitu ni fremu, ya maneno, ya picha, na fremu za maneno unaziunganisha maandishi yatiririke kutoka moja kwenda nyingine. Kabla hujagusa ukurasa hata mmoja bonyeza F4 utengeneze staili zako, yaani mwonekano wa kila aina ya maandishi, kichwa cha sheria, maelezo, mfano, maneno ya kusomwa na msimulizi anayeongoza mchezo peke yake. Hapa ndo utamu wote ulipo, maana wachezaji walikuwa wanasoma mfano wakidhani ni sheria, nikaibadilisha staili ya mfano tu, herufi za mlalo na imejongea ndani, na kitabu kizima kikabadilika papo hapo. Namba za kurasa na jina la sura pembeni unaweka kwenye ukurasa mama mara moja tu basi.

Kitu ambacho video nyingi za kizungu hazitakwambia ni safuwima. Wao wanapenda safu mbili nyembamba zilizonyooshwa kingo zote mbili, inapendeza kwa Kiingereza chenye maneno mafupi, ila sisi tuna maneno kama atakayemshambulia na hawatakapofanikiwa, ukiyabana kwenye safu nyembamba yanaacha mapengo makubwa katikati ya mstari hadi jicho linapotea. Mimi nimetumia A5, safu moja, nimenyoosha kushoto tu na kulia nikaacha ilivyo. Inasomeka vizuri sana, na A5 inakaa mkononi wakati mkono mwingine una dadu.

Fonti nimechukua Atkinson Hyperlegible ya Braille Institute, ni ya bure nayo. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye uoni hafifu, kwa hiyo namba moja haifanani na herufi l na sifuri haifanani na O, na kwenye gemu ambayo kila ukurasa una 1d6 na 1d10, yaani rusha dadu moja ya pande 6 au ya pande 10, hilo sio jambo dogo, hasa mkicheza usiku na taa hafifu.

Kinachokera ni majedwali. Unaweza kuyatengeneza humo humo lakini jedwali refu halijikati lenyewe kwenda ukurasa wa pili, unalikata kwa mkono, na kuliremba kunachukua muda kuliko inavyostahili. Majedwali madogo nimeyafanya kwa maandishi ya kawaida na kitufe cha Tab, yametoka safi zaidi. Pia angalieni toleo, faili la 1.6 halifunguki kwenye 1.4, kwa hiyo kama mnafanya wawili watatu wote muwe na toleo moja.

Kwenye kutoa PDF sina malalamiko kabisa. Ina kikaguzi kinachokwambia mapema kama kuna maneno yamefurika nje ya fremu au picha ina ubora mdogo. Kama mnaenda kuchapa, wekeni milimita 3 za ziada kuzunguka ukurasa kwa ajili ya kukatwa, maandishi yawe nyeusi tupu, K 100, yaani wino mweusi peke yake asilimia 100, sio nyeusi ya kuchanganya rangi nne maana rangi zikihama kidogo herufi zinaota ukungu, na kama kitabu kitabanwa pini katikati idadi ya kurasa igawanyike kwa 4. Kurasa za ziada mwishoni tumezijaza karatasi tupu ya mhusika na yale majedwali ya mapigano, yanayofunguliwa kila dakika, sasa ukigeuza jalada la nyuma unayakuta hapo hapo.

Mwenye gemu yake ya Kiswahili anayetaka lile faili langu la staili aseme nimtumie, abadilishe fonti na majina ya vichwa aanze kazi.