DX yangu: bodi ya zamani, gia tano

Corolla KE70, ambayo Kenya tunaiita DX tu, ilitoka 1979 na inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Sedani iliyoifuata 1983 ikahamia ya mbele, na raha hiyo ikaisha.

Yangu ina injini yake ya 4K, cc 1,290, na kabureta. Fundi alitoa platini, ile swichi ya kukata na kuunga umeme wa cheche za plagi, akaweka ignisheni ya elektroniki. Sasa hata asubuhi ya baridi ya Limuru inawaka mara moja. Gia nne zimekuwa tano, rimu za inchi 13 zimepisha za 14. Basi. Springi sijakata ili gari lishuke chini, wenye kukata wapambane na matuta.

Ukifungua boneti unaona mpaka lami, mkono unapita popote. Dashibodi haijapasuka, jambo adimu kwa jua letu.

Usukani hauna pawa, kupaki ni mazoezi. Kupanda Mai Mahiu na abiria wanne, utarudi gia ya pili huku matatu zikikupigia honi.

Ukitaka kununua, chungulia kutu chini ya betri. Inayong'aa rangi mpya, nenda na sumaku: isiponata, hapo ni bodifila, ile plasta ya kuziba mashimo ya bodi.