Akiba ilipakiwa vizuri, kiparachuti hakikuguswa: uzoefu wangu na karakana ya parachuti

Nilipeleka seti nzima kukaguliwa: begi, parachuti kuu, parachuti ya akiba na kile kifaa kinachofungua akiba chenyewe. Ni seti iliyokwisha tumika, imepita mikononi mwa watu wawili kabla yangu, na karakana hii husifiwa na karibu kila mrukaji niliyemuuliza. Ilirudi na muhuri mpya kwenye akiba, kadi imesainiwa, na fomu ya ukurasa mzima iliyojaa alama za vema. Miruko minne haikupita kabla sijajua kwamba kitu kimoja, tena kile kinachoanzisha vingine vyote, hakuna aliyekitazama.

Nasema juu ya kiparachuti kidogo cha kurusha kwa mkono. Unakichomoa kwenye mfuko wake chini ya begi, unakirusha pembeni kwenye upepo safi, kinajaa hewa na kuvuta ugwe. Ugwe unachomoa pini kwenye kitanzi kinachofunga begi, begi linafunguka, na mfuko wenye parachuti kuu unanyanyuka kutoka mgongoni. Parachuti kuu ikishajaa, kiparachuti hakina kazi tena, na kikibaki wazi kitakuwa mzigo unaoburuta nyuma ya bawa lako. Kwa hiyo ndani ya ugwe hupita kamba nyembamba hadi kileleni mwake. Parachuti kuu inapofunguka, kamba hiyo huvutwa, kilele kinashuka, kiparachuti kinanywea. Ukitaka kuruka tena sharti ukitege upya wakati wa kupakia, uvute mpaka kilele kirudi mahali pake. Kwenye ugwe huwa kuna dirisha dogo, nalo huonyesha rangi kiparachuti kikiwa kimetegwa.

Dirisha langu lilionyesha rangi kila mara. Hata hivyo, kila nikirusha, ilikuwa kimya. Moja, mbili, na wakati mwingine karibu ya tatu, bado niko kifudifudi na mabega hayajavutwa. Mwili unaoanguka kwa tumbo huenda takriban kilomita 190 kwa saa, yaani zaidi ya futi 170 kila sekunde. Sekunde tatu ni zaidi ya futi 500 za urefu. Mwenye leseni ya A, ile ya ngazi ya kwanza, chini ya kanuni za USPA, chama cha warukaji cha Marekani, anatakiwa awe amefungua kwa futi 3,000, na uamuzi wa kuiacha parachuti mbovu uwe umeshafanyika kwa futi 2,500. Hesabu mwenyewe nafasi inayobaki.

Nilirudi karakana. Nilieleza nilichokiona, kwa utaratibu, na mruko kwa mruko. Fundi hakuinua kichwa. "Dada, si umetua? Basi ilifunguka." Nikamwomba akitoe kiparachuti tukinyooshe sakafuni pamoja. Akauliza nina miruko mingapi. Nikamwambia. Akacheka, akasema watu wa miruko michache hurusha kwa woga, nirudi kwa mwalimu wangu anifundishe kurusha.

Sasa, kwa haki: kurusha vibaya ni sababu ya kweli. Nyuma ya mgongo wa mtu anayeanguka kuna hewa iliyotulia, na kiparachuti kilichoachiwa kivivu huweza kudunda humo bila kushika upepo. Dawa yake ni kurusha kwa nguvu mpaka mkono unyooke, kisha kugeuza kichwa kutazama juu ya bega, maana kule kugeuka kidogo huvunja ile hewa mfu. Fundi angeyasema haya ningemshukuru. Hakusema. Aliishia kwenye hesabu ya miruko yangu.

Kilichoniudhi hasa kimo kwenye fomu yake mwenyewe. Kwa mwandiko wake ameandika: "Kamba za breki zimefupika, zibadilishwe." Yaani alipima kamba za parachuti kuu. Anajua zimetengenezwa kwa Spectra, aina ya nyuzi za plastiki zenye nguvu, na kwamba Spectra hufupika kwa joto la msuguano. Kila parachuti inapofunguka, slaida, kile kitambaa cha mstatili kinachopunguza kasi ya kufunguka, huteremka kwa kasi juu ya kamba, pete zake zikisugua zaidi zile za pembeni na za breki, ndiyo maana hizo hufupika kuliko za katikati. Haya, na kamba iliyo ndani ya ugwe ni ya nini? Spectra ileile. Nayo husuguliwa ndani ya ugwe kila mruko, bila kukosa. Sababu moja, matokeo mamoja, umbali wa mikono miwili mezani. Aliona moja, hakutazama ya pili.

Aliyeigundua ni dada mmoja anayepakia parachuti uwanjani kwa ujira, nami nilikuwa hata sijamaliza kumweleza. Alikilaza kiparachuti kwenye zulia, akakitega, akaniambia nishike kile kishikio cha kileleni. Yeye akavuta kutoka upande wa ugwe. Tazama kwa makini hapa, maana jaribio lote ni hili. Kwenye kitambaa cha wavu kuna kanda zilizoshonwa kutoka ukingoni hadi kwenye ugwe. Kamba ya ndani ikiwa na urefu wake, ukivuta, zile kanda hukaza kwanza au hukaza pamoja nayo, na kamba hubaki na ulegevu kidogo. Yangu ilikaza peke yake. Kanda zilikuwa zimelala kama tambi zilizochemshwa, na kilele kilikuwa kimezama ndani upana wa vidole vinne. Kiparachuti cha namna hiyo hujaa nusu nusu, na nguvu yake ya kuvuta pini ni ndogo. Dirisha linakuambia kwamba umekitega. Halikuambii kwamba kamba bado ina urefu wake.

Mwenye seti iliyotumika afanye jaribio hili leo kabla ya kulala. Halihitaji fundi. Linahitaji mtu wa kushika upande wa pili na dakika mbili.

Na usichanganye aina mbili za kuchelewa, maana tiba zake hazifanani. Kama bado uko kifudifudi, hakuna kilichokuvuta, tatizo liko kati ya mkono wako na pini. Anza na mambo mepesi: kilitegwa? Kitanzi hakikukazwa kupita kiasi? Kitambaa hakijachakaa kiasi cha kupitisha hewa? Kisha urefu wa kamba ya ndani. Lakini kama umeshavutwa ukawa wima, ukatazama juu ukaona kitambaa kimetoka na slaida ingali juu inasitasita, kiparachuti kimefanya kazi yake. Hapo chunguza upakiaji wako, slaida, na urefu wa kamba za parachuti. Mimi nilimweleza fundi wazi kwamba kuchelewa kwangu ni kwa aina ya kwanza. Angenisikiliza sentensi moja tu angejua pa kutazama.

Kitanzi nacho kina pande mbili. Kikiwa kirefu au kimechakaa, pini inaweza kutoka kabla ya wakati, pengine ukiwa mlangoni mwa ndege, na parachuti inayofunguka mlangoni inahatarisha kila aliyemo. Ukiona nyuzi zimeanza kukatika, badilisha, usihesabu zimebaki ngapi. Ni kipande cha kamba na fundo.

Nilianza kuandika tathmini hii nikiwa nimeamua kuwapa alama nne kati ya tano, kwa sababu kazi ya akiba ni nzuri kweli. Nimeiangalia na watu wanaojua. Muhuri umekaa sawa, pini iko palepale, kadi ina tarehe na saini, na tarehe za kile kifaa zimenakiliwa kutoka kwenye lebo badala ya kukisiwa. Kifaa ni cha Cypres, kile kilichotolewa na Airtec ya Ujerumani mwaka 1991. Toleo la wazoefu hukata kitanzi cha akiba likikukuta karibu mita 225 juu ya ardhi bado unaanguka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde. Pete tatu za kila upande, zile zinazoiachia parachuti kuu ikiwa mbovu, zilifunguliwa, mikanda ikakunjwakunjwa ili isikauke umbo, kebo za njano zikafutwa na kupakwa silikoni. Hayo yote yalifanyika, na kebo na pete hizo ni kazi ambayo kila mwenye seti angepaswa kuifanya mwenyewe kila mwezi. Unaporudisha pete, ya kati ipite kwenye ile kubwa tu, ndogo ipite kwenye ya kati tu, kitanzi cheupe kipite kwenye ndogo tu, kisha kebo. Ikipita kwenye mbili kwa pamoja, siku ya kuiacha parachuti haitaachia vizuri.

Basi kama mtu anataka akiba pekee, awapelekee. Hivyo ndivyo nilivyoandika jana. Leo nimesoma tena fomu nikaona safu ya "parachuti kuu na vifaa vyake" ina alama ya vema, na ninaifuta sentensi ile. Vifaa vyake ni pamoja na kiparachuti. Angeacha safu hiyo wazi, au akaandika "haikukaguliwa", ningejua la kufanya. Marekani akiba sharti ipakiwe na fundi mwenye cheti, na ikipita siku 180 irudiwe hata kama haikutumika, ila parachuti kuu mrukaji huruhusiwa kuipakia mwenyewe. Warukaji wengi hutoka kwa fundi wakidhani muhuri wa akiba umeidhinisha seti nzima. Alama ile ya vema ndiyo inayowalaza usingizi.

Tena hasira yangu si ya adabu peke yake. Mchezo huu huhesabu: leseni ya A ya USPA miruko 25, B 50, C 200, D 500. Hesabu ina maana yake unapotaka kuruka na kundi kubwa, kubeba kamera au kupunguza ukubwa wa parachuti. Katika hilo la mwisho ningependa watu wawe wakali zaidi kuliko walivyo. Chukua uzito wako na vifaa vyote kwa ratili, gawa kwa futi za mraba za parachuti. Mtu wa kilo 70 na vifaa vya kilo 10 ni ratili 176. Kwenye parachuti ya 190 ni 0.93, na mwanzoni hapo panamtosha. Kwenye ya 150 ni 1.17, na kosa dogo la kona karibu na ardhi linakuwa mfupa uliovunjika. Kwa hilo niulize miruko yangu nami nitakujibu kwa heshima. Lakini kamba iliyofupika imefupika hata ikiwa mgongoni mwa mwanafunzi. Kumuuliza mtu miruko yake ili usiinuke kitini ni kumfundisha kunyamaza, na anayenyamaza leo juu ya kuchelewa kwa sekunde mbili kesho hataripoti ya tano.

Kuhusu zile kamba za breki, alisema kweli, na nazibadilisha. Namna ya kuliona hewani: achia breki, mikono juu kabisa, vishikio vikiwa vimegusa pete zake, kisha tazama mkia wa parachuti. Kamba za breki zinapaswa kupinda nyuma kama upinde kwa kusukumwa na upepo. Zikiwa zimenyooka na mkia umeshuka, unaruka ukiwa umeshika breki bila kujua, na wakati wa kutua nguvu ya kuinua pua itakuwa imepungua. Lifanye hili ukiwa juu bado, si kwenye njia ya mwisho ya kutua.

Jambo jingine, kwa ambaye kiparachuti chake kitagoma kabisa: kimetoka, kinaburuta, begi halijafunguka. Kuna wanaofundisha kuvuta kishikio cha kuiachia kuu kwanza halafu akiba, na kuna wanaofundisha kwenda moja kwa moja kwenye akiba. Kila njia ina hoja zake. Chagua moja na mwalimu wako ukiwa chini, uirudie kwa mikono yako kabla ya kila mruko, kwa maana kule juu hakuna muda wa kulinganisha hoja.

Alama: mbili kati ya tano. Niliandika tatu, nikakumbuka kile kicheko.

Kamba mpya imeshashonwa, na kazi hiyo nimempa fundi mwingine. Ile ya zamani nimeipeleka karakana ndani ya bahasha, pamoja na nakala ya fomu yao na mstari niliouongeza kwa kalamu nyekundu chini ya safu ya parachuti kuu: "Kamba ya ndani ya kiparachuti, urefu: ____." Aliyeko mapokezi aliipokea, akaisoma, akaniuliza kama aiweke kwenye faili au ampelekee fundi. Nikamwambia ampelekee. Wakianza kuujaza mstari ule, nitarudi hapa kubadilisha alama.