Siku tisa Tilos: chumba cha ngazi 96

Tangazo lilisema chumba kiko "hatua chache kutoka baharini". Ni kweli, ukiwa unashuka. Kupanda ni ngazi 96. Nimezihesabu nikiwa na katoni ya maji begani na mke wangu yuko juu ananicheka. Naanza na hilo ili mwenye goti bovu ajue mapema, maana mengi yanayofuata ni sifa.

Tulikuwa Livadia, kijiji cha bandari katika kisiwa cha Tilos, Ugiriki, kati ya visiwa vya Rhodes na Kos. Usiku 9 katikati ya Septemba, euro 55 kwa usiku. Ongeza kodi ya serikali inayotozwa kwa kila chumba kila usiku. Kiasi hutegemea daraja la malazi, na mara nyingi unailipa mkononi pale pale, haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Sisi hatukujua, tukamnunia mama mwenye nyumba kama dakika tano hivi. Akatuwekea kahawa, akaleta karatasi ya serikali, tukaona haya.

Mke wangu kazi yake ni kupokea simu za wateja, siku nzima watu wanamfokea sikioni. Alitaka mahali ambapo hakuna anayemuuliza kitu. Kwa hiyo Santorini na Mykonos, visiwa vinavyojaa watalii, tulivifuta jioni ya kwanza. Tilos haina uwanja wa ndege, na hilo peke yake limeshachuja watu.

Ila kutokuwa na uwanja wa ndege maana yake ni kupanga vyombo vya majini, na hapo ndipo penye kazi. Tuliruka Athens hadi Rhodes, kama saa moja angani, kisha boti ya mwendo kasi, kama saa mbili. Ratiba hubadilika kulingana na siku ya wiki na msimu, basi kwanza tafuta siku ya boti, ndipo ukate tiketi ya ndege. Usifanye kinyume kama mimi, ukalala Rhodes bure usiku wa kwanza. Halafu Rhodes ina bandari zaidi ya moja. Tiketi yetu ilitaja jina la bandari, mimi nikasoma saa tu. Teksi ikatushusha penye feri kubwa, tukaburuta masanduku kando ya kuta za mji mkongwe huku mke wangu kanyamaza kimya. Kimya kile sicho tulichokifuata.

Jambo jingine ni upepo. Wagiriki wana kaskazi yao, wanaiita meltemi, huvuma kwa nguvu hasa Julai na Agosti. Ukizidi kipimo, vyombo huzuiwa kutoka bandarini, na vidogo vya kasi ndivyo hutangulia kuzuiwa. Septemba huwa umepungua, lakini sisi tulipatikana: boti yetu ya kurudi ilifutwa, tukaondoka kesho yake kwa feri kubwa. Tuliokolewa na usiku mmoja wa akiba niliouacha Rhodes kabla ya ndege. Ukipanga safari hii, siku ya boti ya mwisho na siku ya ndege zisigusane. Mengine yote yaache wazi, kisiwa kitakupangia.

Viza nayo. Kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania unahitaji ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, na ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Utatakiwa bima ya safari isiyopungua euro 30,000 na uthibitisho wa malazi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Mama alitutumia uthibitisho ulioandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, kaupiga picha na paka yuko pembeni. Dirishani wakaukataa, na haki yao: majina yetu hayakuwemo. Mwenye nyumba wako mwambie mapema aandike majina kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuingia na ya kutoka, anwani yake na simu.

Chumba chenyewe: kisafi, shuka za pamba, mito migumu kama matofali. Jiko lina sahani mbili za kupikia, moja imekufa. Karatasi za chooni hutupwa kwenye kikapu, si chooni, na visiwani humo ni kawaida kwa sababu mabomba ni membamba. Roshani ndiyo uliyolipia. Ghuba nzima iko chini yako, ufukwe wa kokoto, na asubuhi unasikia mbuzi na kengele zao.

Na utulivu? Upo hadi kwenye sheria. Majira ya joto, saa 9 alasiri hadi saa 11 na nusu jioni ni muda wa kupumzika, hakuna kelele, kisha tena usiku kuanzia saa 5. Siku ya pili mke wangu alilala mchana saa mbili na nusu. Nyumbani hajawahi.

Tulipochoka kulala tulitembea. Ufukwe wa Lethra ni kama saa moja kwa miguu. Chukua maji, hakuna duka. Jioni moja tulipanda Mikro Chorio, kijiji kilichohamwa, kuta za mawe zimesimama bila mapaa. Megalo Chorio, kijiji kingine cha kisiwani, tulikwenda kwa basi, tukaambiwa habari za pango la Charkadio, ambamo mwaka 1971 ilichimbuliwa mifupa ya tembo wa kimo kidogo walioishi hapo zamani. Umevuka bahari mbili kukimbia kila kitu, unakutana na tembo.

Chakula sitasema mengi: mbuzi wa kuoka, mboga za mwituni zenye limau, na mkate unaowekwa mezani hata usipouagiza, kisha unaukuta kwenye hesabu. Kahawa ya Kigiriki ukitaka chungu sema "sketo". Ukiharakisha mtu atakuambia "siga siga". Hilo halihitaji mkalimani, ni pole pole yetu.

Nyota nne. Ningetoa ya tano kama si mito na ile sahani ya jiko.

Siku ya kuondoka mama alishuka ngazi zote 96 na sanduku letu moja, amenizidi miaka isiyopungua ishirini, hata hakuhema. Pale chini akatuonyesha nyumba ya dada yake, hatua chache za kweli kutoka majini, euro 10 zaidi kwa usiku. Mke wangu keshachukua namba.